Kioo cha metali si rangi ya kupakwa kwa brashi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie makala mliyoichapisha hivi karibuni kuhusu teknolojia ya kufunika vyombo na vipuri kwa kile mlichokiita "rangi ya kioo cha chuma". Nawashukuru kwa dhati kwa kuligusa jambo hili, kwa sababu ni nadra magazeti yetu kutoa ukurasa mzima kwa habari za metali, ilhali sisi tunaoishi ukanda wa pwani tunapigana na kutu kila siku ya Mungu. Hata hivyo, makala ile ilichanganya vitu vitatu visivyo na undugu, na mwishoni ikamwambia msomaji kwamba anaweza kununua kopo, akapaka bati la nyumba yake kwa brashi na kuagana na kutu maisha yake yote. Hilo si kweli, na nisingependa mtu apoteze akiba yake kwa kuliamini.

Nimefanya kazi ya ufundi mitambo hapa Tanga kwa zaidi ya miaka 30, sehemu kubwa kwenye pampu, na sasa nina karakana ndogo ninamofundishia vijana. Siku chache baada ya makala yenu kutoka, jirani yangu mmoja, mama mjane anayeishi kwa kodi ya vyumba viwili, alinijia na ukurasa wa gazeti lenu ameukunja vizuri ndani ya kanga, akaniuliza rangi hiyo inauzwa duka gani. Mabati ya nyumba yake yanatoboka upande unaopigwa na upepo wa bahari. Nilimkalisha, nikamweleza kwa kadiri nilivyoweza, na alipoondoka nikaona kwamba maelezo yale yanawafaa wengine pia.

Nianze na majina, maana ndiyo yaliyoleta mkanganyiko. Kitu cha kwanza chenye kioo juu ya chuma kila mmoja wetu amekula humo: ni zile sahani na bakuli za bati, nyeupe, zenye ukingo wa buluu, ambazo bibi zetu waliziweka kabatini kwa ajili ya wageni. Ule weupe ni enameli, yaani unga wa kioo halisi, kioo cha jamii ileile ya chupa na dirisha, ambao hunyunyiziwa juu ya bati la chuma na kuchomwa kwenye tanuri lenye joto la nyuzi 800 hivi hadi uyeyuke na kushikamana. Enameli haishiki kutu kabisa, lakini ikidondoka sakafuni hubanduka, na pale ilipobanduka ndipo doa jeusi linapoanzia na kuenea chini kwa chini. Kitu cha pili ni rangi nzito ya meli na matangi ambayo ndani yake wenye viwanda wamechanganya vipande vyembamba sana vya kioo, ili maji ya chumvi yanapojaribu kupenya yazunguke vipande hivyo na kuchelewa kulifikia chuma. Hiyo kweli ni rangi, inauzwa kwenye kopo, nayo ni nzuri inapopakwa ipasavyo. Ila ni plastiki yenye kioo ndani yake, basi. Kitu cha tatu ndicho kilichotajwa katika kichwa cha makala yenu, nacho ni kioo cha metali. Hiki hakina hata chembe ya kioo cha dirisha. Ni metali tupu, inang'aa kama metali, inapitisha umeme kama metali, na huwezi kuona kupitia kwake. Neno "kioo" limekuja kwa sababu ya mpangilio wa atomi zake.

Chuma cha kawaida, ukikikata, ukakisugua hadi king'ae, ukakitia asidi kidogo na kukiangalia kwa hadubini, utaona kwamba kimejengwa kwa punje zilizobanana, na ndani ya kila punje atomi zimejipanga kwa safu kama askari wa gwaride. Punje hizo ni fuwele. Metali inapoyeyushwa, safu hizo huvunjika na atomi hujiendea kama umati wa watu wanaongoja kivuko. Ikipoa polepole, kila atomi hupata muda wa kurudi kwenye safu yake. Lakini ikipoozwa kwa ghafla kuliko atomi zinavyoweza kujipanga, ule umati huganda ulivyo, bila safu wala punje. Metali iliyoganda katika hali hiyo ndiyo inayoitwa kioo cha metali, kwa kuwa kioo cha dirisha nacho kimeganda bila fuwele.

Wa kwanza kuifanikisha kazi hii na kuitangaza walikuwa Pol Duwez, mzaliwa wa Ubelgiji, pamoja na wenzake Klement na Willens, katika Taasisi ya Teknolojia ya California, mwaka 1960. Walitumia aloi, yaani mchanganyiko ulioyeyushwa pamoja, ya dhahabu na silikoni, robo tatu ya atomi zake zikiwa za dhahabu. Namna walivyoipooza ndiyo inayonivutia mimi kama fundi: walichukua tone dogo la aloi iliyoyeyuka, wakalirusha kwa msukumo mkali wa gesi ligonge shaba baridi, likasambaa na kuwa utando mwembamba na kupoa kwa kasi inayokadiriwa kuwa nyuzi milioni moja kwa sekunde. Kwa maneno mengine, kioo cha kwanza cha metali duniani kilizaliwa kama mpako, kwa kurushwa juu ya uso baridi. Mbinu inayotumika leo kufunika vipuri ni mtoto wa kitendo kile, na ndiyo sababu nasema makala yenu ilikuwa na haki ya kusisimka, ingawa ilisisimkia kopo la rangi.

Kabla sijafika kwenye mpako, niruhusu nieleze kitu kilichopo mezani kwangu ninapoandika. Miaka kadhaa iliyopita niliokota kwenye vyuma chakavu kiini cha transfoma kilichopasuka, nikidhani ni sahani za kawaida za feleji (aina ya chuma kigumu) yenye silikoni. Nilipokifungua nikakuta utepe uliokunjwa mamia ya mizunguko, mwembamba kuliko karatasi ya daftari, unaong'aa upande mmoja na kufifia upande wa pili. Huo ni utepe wa kioo cha metali chenye asili ya chuma, boroni na silikoni, unaotengenezwa kwa kumimina metali iliyoyeyuka juu ya gurudumu la shaba linalozunguka kwa kasi na kupoozwa kwa maji. Unene wake ni kama mikromita 25, yaani chini ya nusu ya unene wa unywele wa mtu. Viini vya namna hiyo hupunguza kwa takriban asilimia 70 ule umeme unaopotea ndani ya transfoma wakati haina mzigo. Nilipojaribu kuukunja utepe ule ulikatika kwa sauti kavu na kuacha vipande vyenye ncha kali kama ganda la yai bichi. Nilishangaa, kwa sababu nilikuwa nimesoma kwamba utepe huo ukitoka kiwandani hukunjika kama chemchemi. Baadaye nilielewa: kiini cha transfoma hupashwa moto kiwandani ili kukiondolea mikazo na kukiongezea sifa za usumaku, na moto huo, ambao haufikii hata kiwango cha kuzalisha fuwele, unatosha kuufanya utepe uwe mwepesi kuvunjika. Vijana wangu wote nimewavunjia kipande wakione kwa macho yao. Mtu aliyekiona hahitaji mahubiri marefu kuhusu kwa nini joto la kazi lazima lichungwe pale unapofunika kitu kwa metali ya aina hii.

Sasa, kwa nini metali isiyo na fuwele izuie kutu kuliko ndugu yake mwenye fuwele? Kutu hupenda mipaka. Pale punje moja inapokutana na nyingine pana mwanya wa udhaifu, uchafu wa aloi hukusanyika hapo, na hapo ndipo maji ya chumvi hupata mlango. Kioo cha metali hakina punje, kwa hiyo hakina mipaka hiyo. Zaidi ya hapo, ndani ya umati ulioganda unaweza kuchanganya kwa usawa vitu ambavyo katika chuma cha kawaida vingejitenga: kromiamu nyingi, molibdeni, boroni, kaboni. Kromiamu ikiwa imesambaa sawasawa, hujenga juu ya uso utando wa oksidi usio na tundu, ule ule unaokilinda chuma kisichoshika kutu, ila kwa uthabiti zaidi. Na kwa kuwa hakuna safu za atomi zinazoweza kuteleza moja juu ya nyingine, uso wake unakuwa mgumu mara kadhaa kuliko feleji ya kujengea, hivyo mchanga unaopita nao ndani ya maji hauukwaruzi kirahisi.

Msomaji atauliza kwa nini basi tusitengeneze kitu kizima kwa metali hii. Ipo aloi inayokubali kutengenezwa nene. Mwaka 1993 Peker na Johnson wa taasisi ileile ya California walitangaza mchanganyiko wa zirkoni, titani, shaba, nikeli na berili unaoganda bila fuwele hata ukiwa mnene kwa sentimita kadhaa, na huko Japani Akihisa Inoue na wenzake wa Chuo Kikuu cha Tohoku walikuwa wameshaifungua njia hiyo miaka michache kabla. Lakini zirkoni ni ghali na berili ni sumu kwa mapafu ya anayeikereza. Aloi zenye asili ya chuma, ambazo bei yake inaeleweka, hukataa kuganda bila fuwele zikiwa nene, na zikiwa nene hupasuka bila kutoa onyo. Mpako unatibu matatizo yote mawili kwa mpigo mmoja: feleji ya kawaida ndiyo inayobeba uzito na kuvumilia mapigo, na kioo cha metali, kikiwa na unene wa theluthi au nusu ya milimita tu, ndicho kinachokutana na chumvi na mchanga.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Aloi huyeyushwa na kupulizwa kwa gesi hadi iwe unga wa chembe za mviringo, zenye kipenyo cha kati ya mikromita 15 na 50 hivi. Unga huo huingizwa kwenye bunduki inayochoma oksijeni na mafuta ya taa au gesi ndani ya chumba kidogo chenye shinikizo kubwa, na moshi wake hutoka kwenye mdomo wa bunduki kwa mwendo unaoupita mwendo wa sauti. Chembe hulainika au kuyeyuka njiani, hurushwa kwa mamia ya mita kwa sekunde, hugonga uso wa kipuri, husambaa kama tone la udongo ukutani na kupoa papo hapo kwa sababu kipuri ni kikubwa na baridi. Juu yake hugonga nyingine, na nyingine, hadi tabaka lijengeke. Marekani walilifanyia jambo hili kazi kubwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, pale maabara ya Lawrence Livermore ilipoongoza mradi uliogharamiwa na idara za ulinzi na nishati, kwa nia ya kufunika sehemu za meli na makontena ya kuhifadhia taka za nyuklia kwa aloi za chuma zisizo na fuwele. Nataja mradi huo ili ieleweke kwamba kitu hiki kimepimwa na watu wenye jukumu zito. Hata hao hawakukipaka kwa brashi.

Hapa ndipo nataka kukaa kidogo, kwa kuwa nina kidonda cha zamani. Miaka ya nyuma tulikuwa tukihudumia pampu ya kuvutia maji ya bahari kuyapeleka kwenye mashamba ya chumvi. Slivu, yaani lile bomba fupi linalovalishwa shafti mahali inapopita kwenye pakingi ya kuzuia maji yasivuje, ilikuwa ikiliwa kiasi kwamba ukipitisha kidole unahisi mifereji, na ukucha unanasa kwenye vitobo. Tulikuwa tukiibadilisha kila baada ya miezi michache. Karakana moja ya mjini ilituahidi kuifunika kwa "metali ngumu ya kisasa" na ikatuletea kazi inayong'aa ajabu. Niliifunga mwenyewe. Haikumaliza wiki ya sita. Tulipofungua, tabaka lilikuwa limebanduka kama ganda la kitunguu, na chini yake feleji ilikuwa imeliwa vibaya kuliko ile ambayo haikuwahi kufunikwa. Nilichukua kipande cha ganda nikakigeuza: upande uliokuwa umeshika feleji ulikuwa laini na una mafuta. Hawakuuparuza uso kwa chembe ngumu za kurushwa kwa hewa, wala hawakuuosha vizuri. Mpako wa kurushwa haushiki kwa gundi wala kwa kuchomelewa. Hushika kwa kuingia kwenye mikwaruzo midogo midogo ya uso, kama plasta inavyoshika ukuta uliochongwachongwa. Uso ukiwa laini, au ukiachwa saa chache kwenye hewa yetu ya pwani baada ya kuparuzwa, kazi yote imepotea kabla bunduki haijawashwa.

Na kwa nini feleji ya chini ililiwa vibaya zaidi? Jibu lake ndilo msomaji wa makala yenu alipaswa kupewa kabla ya lolote lingine. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi huwa betri, na ile dhaifu ndiyo inayoliwa. Zinki iliyo juu ya bati ni dhaifu kuliko chuma, kwa hiyo bati likikwaruzwa na msumari, zinki ya pembeni hujitoa mhanga na chuma huendelea kuwa salama kwa muda mrefu. Ndiyo maana mabati yaliyochovywa kwenye zinki nene hudumu hata yakipata mikwaruzo. Kioo cha metali chenye kromiamu kiko upande wa pili wa mizani: chenyewe hakiliwi, lakini kikiwa na tundu, nguvu yote ya betri huelekea kwenye kile kidoa kidogo cha feleji kilichofichuka, nayo hutobolewa kwa kasi kuliko ambavyo ingeliwa ikiwa wazi. Mpako mzuri wa aina hii huwa na vitundu visivyozidi asilimia moja au mbili, tena visivyounganika kutoka juu hadi chini. Mpako mbaya, hata ukiitwa jina lilelile, ni afadhali usiwepo. Kwa hiyo nilimwambia jirani yangu, nami nawaambia wasomaji wako: paa la nyumba halihitaji kioo cha metali. Linahitaji bati lenye zinki ya kutosha, au zinki iliyochanganywa na alumini, misumari ya aina inayoendana nalo, na kusafishwa chumvi pale mvua isipofika chini ya mapaa.

Naongeza jambo linalopaswa kukumbukwa kila tunapozungumzia mipako: mara nyingine dawa ya kutu ni kuacha chuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, pampu za mkono za visima zilipokuwa zikijaribiwa Kwale, kusini mwa Mombasa, wahandisi hawakuhangaika kuyatafutia mabomba ya chuma mpako mpya. Walioiunda pampu ya mkono iitwayo Afridev waliweka mabomba ya plastiki kisimani, na pampu hiyo ikaenea nchi nyingi za Afrika. Nani leo angetaka kurudi kulifunika bomba la kisima kwa aloi ya molibdeni? Kioo cha metali kina mahali pake, na mahali hapo ni padogo: ni kwenye kipuri cha feleji ambacho hakiwezi kuwa plastiki, kinachosuguliwa na kuliwa na chumvi au asidi kwa wakati mmoja, na ambacho kusimama kwake kunasimamisha kiwanda kizima.

Vipuri vya namna hiyo tunavyo tele. Shafti na slivu za pampu za maji ya bahari nimekwisha kuzitaja. Kwenye mashamba ya mkonge, korona, yaani mashine ya kutoa nyuzi, huponda majani ambayo nyuzi zake ni kama asilimia 4 tu ya uzito. Yaliyobaki ni maji na makapi, na maji ya mkonge yana asidi inayokula chuma huku jani lenyewe likikisugua. Yeyote aliyefanya kazi korona anajua harufu ile na anajua vyuma vinavyorudishwa karakana vikiwa vimekonda. Mto Pangani nao hubeba mchanga wakati wa masika na kuupitisha kwenye mitambo ya umeme, na mchanga huo husugua mabawa ya turbini mwaka baada ya mwaka. Katika viwanda vya sukari, shafti na skrubu za kusukumia makapi ya miwa hukutana na mchanga wa shambani pamoja na maji ya miwa yanayochacha. Kwa sasa kazi nyingi za namna hii tunazimaliza kwa kujazia kwa welding na kukereza upya, au kwa kuagiza kipuri kipya nje na kungoja meli. Mafundi wanaochovya vipuri kwenye kromiamu nao wapo, na maji ya mabeseni yao yana kromiamu ya aina inayosababisha saratani. Nimewaona vijana wakifanya kazi hiyo wamevaa kandambili, na sikupata usingizi mzuri siku ile.

Makala yenu ilimalizia kwa kuitaka serikali iruhusu uagizaji wa rangi hiyo bila ushuru. Ombi langu ni jingine. Naomba taasisi zetu za umma zinazohusika na uhandisi, zikiwemo TIRDO ya Dar es Salaam na TEMDO ya Arusha, kwa kushirikiana na vyuo vya ufundi, ziangalie uwezekano wa kuwa na karakana moja ya kurushia mipako, iliyo karibu na pwani ambako tatizo lipo. Haitakuwa rahisi. Bunduki yenyewe hula oksijeni kwa wingi, unga wa aloi lazima uagizwe, kelele zake huzidi desibeli 120 kiasi kwamba lazima ifanyie kazi ndani ya chumba maalumu, na vumbi lake halipaswi kuvutwa na mtu yeyote. Lakini bunduki hiyohiyo hurusha pia kabidi ya tangsteni na aloi za nikeli, kwa hiyo fundi aliyefunzwa hatakosa kazi hata kama kioo cha metali hakitafaa kwa kila mteja. Wateja waanze na vipuri vidogo, vya mviringo, ambavyo bunduki inaweza kuvizunguka kwa umbali uleule. Kona za ndani na mashimo yafungwe kwanza, maana chembe hurushwa kwa mstari ulionyooka na haziingii mafichoni.

Na kila kitu kipimwe hapa kwetu. Maabara za nje huweka sampuli kwenye ukungu wa maji yenye asilimia 5 ya chumvi, katika joto la nyuzi 35, na kuhesabu saa hadi kutu itokee. Kipimo hicho kinafaa kutenganisha kazi nzuri na mbovu, lakini hakifanani na nguzo iliyosimama pale ambapo bahari yetu hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, ikikauka juani na kulowa tena. Napendekeza sampuli zining'inizwe pia gatini, zenye mpako mzima na zilizokwaruzwa makusudi, kandokando na sampuli za zinki na za rangi nzito ya meli, zipigwe picha kila mwezi kwa miaka miwili, na matokeo yachapishwe kwa Kiswahili ili fundi wa mtaani ayasome. Joto la kazi nalo liandikwe kwenye kila hati ya mauzo. Aloi nyingi za chuma za aina hii huanza kuzaa fuwele zinapopita nyuzi 600 hivi, na zikishazaa fuwele kromiamu hujikusanya mahali pamoja na ulinzi unapotea, ingawa kwa macho uso unabaki uking'aa vilevile. Mteja atakayechomelea kiungo karibu na mpako bila kuambiwa hivyo atakuja kulaumu teknolojia nzima.

Ndugu Mhariri, naomba pia masahihisho ya maneno matatu katika makala yenu. Mahali palipoandikwa "rangi" pasomeke "mpako wa kurushwa". Palipoandikwa "kioo kilichochanganywa na chuma" pasomeke "metali iliyoganda bila fuwele". Na ile sentensi kuhusu mabati ya nyumba iondolewe kabisa. Mpiga picha wenu akipita Tanga, ile slivu iliyobanduka bado ninayo, imefungwa kwenye karatasi ya mafuta pamoja na ganda lake, na utepe wa transfoma umebaki wa kutosha kuvunjwa mbele ya kamera.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi mitambo mstaafu,
Tanga